Wembe Kwenye Koo la Mwashi

Saluni ile ilikuwa na viti viwili. Cha dirishani kilikuwa cha baba, na cha ukutani, karibu na swichi, kilikuwa cha binti yake. Baba alinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule unaochomoka kwenye mpini wake kama kisu cha mfukoni. Binti alinyoa nywele kwa mashine ya umeme. Wateja walikuwa wamewabatiza wote wawili. Baba walimwita Taratibu, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi mbele yake. Binti walimwita Mashine, jina ambalo mwanzoni lilimuudhi, halafu akalizoea, mwisho akawa analiitikia hata sokoni.

Mashine alikuwa anauogopa wembe. Aliweza kumnyoa mtoto anayerusha mateke, au mlevi anayesinzia huku kichwa kikianguka kila upande, na mkono wake usitikisike. Lakini baba akifungua wembe, ule mlio mdogo wa chuma kuachana na mpini ukisikika, yeye aligeuza uso. Hakuufuta, hakuusogeza. Ukiwa mezani, aliizunguka meza. Baba alijaribu kumfundisha mpaka akachoka.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," wateja walimtania mzee.

"Huyu alizaliwa hana meno," baba alijibu, nao wakacheka.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha kwa upepo. Maji yalikuwa yanaingia mpaka katikati ya chumba, kwa hiyo Mashine alifunga mlango na madirisha ya mbao, na saluni ikabaki na mwanga wa taa moja ya dari. Kwenye kiti cha baba alilala mwashi mmoja, jamaa mwenye shingo nene kama gogo, aliyekuja kila wiki kuondoa ndevu na vumbi la saruji. Macho yake yalifunikwa na taulo la moto. Kwenye kiti cha Mashine alikaa dereva wa lori, kichwa kimekwisha nusu.

Umeme ukakatika.

Mashine ya kunyolea ikanyamaza mkononi mwa binti. Chumba kikawa cheusi, isipokuwa ukanda mwembamba wa mwanga chini ya mlango. Alingoja guno la kawaida la baba, "Hawa watu nao!", kama asemavyo kila mtu umeme ukikatika. Baba hakuguna. Katika lile giza alisikia sauti ya wembe juu ya ndevu ngumu, krrr, krrr, inakwenda kama kawaida.

"Mbona umezima mashine?" baba akauliza.

Mashine akafungua mdomo kumjibu: umeme umekatika, kwani huoni? Neno la mwisho likaishia mdomoni.

Huoni.

 Macho yake yalipoanza kuzoea giza, aliona umbo la baba limeinama, na mkono wake wa kulia uko chini ya taya la mwashi, pale pale mshipa unapopiga. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatangulia mbele ya wembe, vinatambaa, vinapapasa, vinavuta ngozi, halafu chuma kinafuata. Vidole hivyo alikuwa ameviona vikifanya hivyo miezi na miezi, akadhani ni ufundi.

Akipiga kelele, mkono wa baba utashtuka. Akimshika bega, utashtuka. Akimwambia mwashi asitikisike, mwashi ndiye atakayeruka. Hapakuwa na neno hata moja duniani ambalo lingeweza kusemwa kwa usalama, isipokuwa uongo.

"Jamani, ume—" dereva akaanza.

Mashine akamziba mdomo kwa kiganja chake kilichojaa nywele zilizonyolewa. 

"Imepata moto, Baba," akasema. Alijishangaa sauti ilivyotoka tulivu. "Naiacha ipoe kidogo."

"Ipulize. Itakuwa imejaa vumbi."

"Nitaipuliza."

Krrr, krrr. Wembe ukapanda kwenye koromeo, ukalizunguka, ukashuka. Mwashi akameza mate, na Mashine akasikia wembe ukisimama, ukingoja koromeo litulie, ukaendelea. Yeye alikuwa hapumui. Aliegemea kiti cha dereva. Akaanza kuomba kimoyomoyo, maombi yasiyo na mpangilio, ya mtu anayeahidi kila kitu.

Hatimaye akasikia baba akichovya wembe kwenye beseni, akiufuta, akiukunja.

Mwashi akavuta taulo usoni. "Ala! Kumbe giza? Umeme umekatika saa ngapi? Mzee, wewe ni hatari! Unaninyoa gizani, wala hunitoi hata tone!"

Kicheko cha baba kilichelewa kidogo. "Mkono umezoea, bwana," akasema.

Mwashi akatoka mvuani akimsifia kinyozi wake. Dereva, aliyekuwa bado na shuka la saluni shingoni, akamtazama Mashine. "Dada, ulinizibaje mdomo namna ile? Nimekula nywele zangu mwenyewe."

"Nisamehe, kaka. Nilishtuka."

"Wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sasa mimi za kwangu zimenyolewa nusu, nitie maji upande gani?"

Siku nyingine angecheka. Siku ile alimwomba asubiri umeme, akaenda uani, akatapika.

Walipofunga, mama yake Mashine alikuwa amekuja kumchukua mumewe kama alivyozoea siku hizi. Mashine alikuwa akidhani ni mapenzi ya uzeeni. Sasa alimwona mama anavyoweka mkono chini ya kiwiko cha baba, anavyosema "kuna tope hapa" kabla ya tope.

"Baba, hii nini?" Mashine akanyanyua chanuo, kidole kikipita kwenye meno yake.

"Chanuo."

"Umesikia meno yake. Na hii?" Akanyanyua kitambaa, kimya.

 Baba aligeuza uso kuelekea mlangoni, na taya lake likawa linatafuna hewa.

"Mwache baba yako," mama akasema.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Mama alikaa kwenye benchi la wateja. Akaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. Ulikuwa ugonjwa wa presha ya macho. Ulianzia pembeni, ukawa unakula kuelekea katikati, bila maumivu wala uwekundu. Walipofika kwa daktari, aliwaambia kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kwenye jicho moja ni kama tundu la ufunguo, nalo lina ukungu, hata taa ikizimika hajui.

"Na mkamwacha ashike wembe kwenye shingo za watu!"

"Nimemkata nani?" baba akafoka. "Mtaje! Nimemkata nani?"

"Bado, Baba. Bado hujamkata."

"Mikono yangu inaona kuliko macho yenu."

"Mwashi angepiga chafya je?"

 Baba akasema polepole, kila neno akiliweka chini kama jiwe: "Nikiuweka wembe chini, nani ataushika? Wewe?"

Mashine akautazama wembe ulipokuwa umekunjwa juu ya taulo.  "Mimi siwezi, Baba."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Lakini kilikuwa kimya cha mtu anayekaa juu ya moto. Kila asubuhi aliamka moyo uko mdomoni. Mteja wa ndevu akikanyaga kizingiti tu, yeye alimwahi: mzee ana mafua leo, mzee mkono unamuuma, njoo kesho, kaka. Wengine waliondoka, wengine walikaa wakingoja. Akiwaona wamelala kitini wamefumba macho, koo juu, wanamwamini mzee kama mtoto anavyomwamini mama yake, mashine yake ilimteleza, akawachimba watu vichwa. Usiku aliota beseni la maji mekundu. Alipunguza chakula. Mama akamuuliza kama ni mjamzito.

"Mimba ya nani, Mama? Ya hofu?"

Baba aligundua ule uongo wa mafua, na akakasirika kiasi kwamba hakumsemesha. Wakawa wanafanya kazi chumba kimoja kama wageni kwenye kituo cha basi.

Kilichoumaliza ukimya huo kilitokea asubuhi, kabla hawajafungua. Baba alikuwa anaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye mkono wa kiti, kwenda na kurudi, kama afanyavyo kila siku. Mashine alikuwa anafagia. Akasikia mlio wa mkanda ukikoma ghafla, kisha chuma kikagonga sakafu.

Alipogeuka, baba alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anautafuta wembe. Kiganja chake kilikuwa wazi, kinafagia sakafu huku na huku, kwa haraka, kwa aibu, kabla binti hajaona. Wembe ulikuwa umefunguka, makali yamelala juu, mbele tu ya vidole vyake, na kiganja kilikuwa kinarudi.

"Usisogee!"

Baba akaganda.

"Usisogeze mkono, Baba. Hata kidogo."

Akautupa ufagio. Akapita nyuma ya kiti, akachuchumaa, na kabla hajapata nafasi ya kufikiri akaushika wembe kwa mpini akauinua. Ulikuwa mwepesi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Miaka yote aliudhania mzito.

Baba alikuwa bado amepiga magoti, mkono hewani, na ule mkono, ambao haukuwahi kutikisika, sasa ulikuwa unatetemeka kama jani.

"Uko wapi?" akauliza.

"Ninao mimi."

Baba akakaa pale sakafuni. Kisha akasema, si kwa binti hasa, "Kila siku naogopa. Nikifungua mlango huu naogopa mpaka naufunga. Ulidhani siogopi?"

 Mashine alimshika mkono, akamwinua, akamkalisha. Halafu, kwa sauti iliyokauka, akasema, "Nifundishe."

Wateja wa ndevu wakaambiwa mzee anaumwa, na baba na binti wakaanza na puto. Baba alimwambia alipulize, alipake povu, alinyoe povu lote bila kulipasua. La kwanza lilipasuka likamrushia povu machoni. Mama, aliyekuwa ameleta chai, akapiga yowe lililowatoa majirani nje. La pili likapasuka. La tatu pia. Kila puto likipasuka Mashine aliona shingo.

"Unakandamiza," baba alisema. Alikuwa amekaa kando, kichwa kimeinama, anasikiliza.

"Sikandamizi."

"Nakusikia. Wembe haukandamizwi, mwanangu. Ukiukandamiza unakata, ukiuachia uteleze unanyoa. Uzito wake mwenyewe unatosha. Vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, pale kabla ya makali, kidole kidogo kwenye mkia wake. Haya. Na usiusimamishe sana. Mgongo wake uwe karibu na ngozi, pawe na nafasi ya kupita kidole chako kidogo tu. Ukiusimamisha unakwangua. Ukiulaza mno, unang'oa."

Puto likatoka zima. Akaligusa kama yai.

Baada ya hapo alijinyoa malaika, vile vinyweleo laini vya mkono wake mwenyewe. Alijifunza kuupitisha wembe kwenye mkanda mgongo ukitangulia, na kuugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Alijifunza kuuosha kwa spiriti kabla na baada ya kila mtu, na kwamba ukidondoka uachwe udondoke, usidakwe. Baba alipolisema hilo la mwisho alikohoa.

"Sasa uso," akasema siku moja.

"Uso wa nani?"

"Una mwingine ndani ya chumba hiki?"

Watu husema kinyozi hajinyoi, lakini yule mzee alikuwa amejinyoa mwenyewe tangu ujana wake. Hakuwahi kumpa mtu mwingine shingo yake. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, akapapasa mikono ya kiti, akalala. Mashine akamfunika kwa taulo la moto, akamlainisha ndevu, akalizungusha povu kwa brashi mpaka likasimama kama wingu. Alifanya hayo yote polepole kuliko inavyohitajika. Povu lilipoanza kukauka ikabidi alipake upya.

"Mwanangu," baba akasema kutoka ndani ya povu, "nitazeeka hapa."

Akaufungua wembe. Mkono ulikuwa na jasho, akaufuta kwenye aproni, ukawa na jasho tena. Akakiweka kidole chake gumba karibu na sikio la baba, akavuta ngozi juu, akashusha makali kwenye shavu, kufuata ndevu zinakolala. Krrr. Mstari safi ukatokea, wa rangi ya kahawia, katikati ya weupe. Akapumua.

Shavu la pili likaenda. Kidevu kikamshinda kidogo, kina kona. Halafu hapakubaki kitu isipokuwa koo.

Alipoweka vidole vyake pale chini ya taya, aliuhisi mshipa wa baba. Ulikuwa unapiga kwa kasi, unaruka chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia. Akatazama mikono ya mzee: ilikuwa imeng'ang'ania kiti mpaka vifundo vimepauka. Baba yake alikuwa anamwogopa.

"Baba, tuache."

"Tusiache."

"Moyo wako unakwenda mbio."

"Ni wangu. Wewe shughulika na ndevu."

Akaanza. Nusu ya kwanza ya koo ikapita salama. Kwenye upande wa pili ndevu zilikuwa zimelala kombo, akageuza kiwiko vibaya, na akahisi makali yakishika kitu ambacho si unywele. Povu likawa la waridi.

Sauti ikamtoka bila ruhusa. Akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, wembe ameushika mbali na mwili wake. Ile ndoto ya beseni ikamjia yote.

"Damu?" baba akauliza. Hakuwa amesogea.

"Damu, Baba. Nimekukata. Nimekukata!"

"Inatiririka au inachungulia?"

Akajilazimisha kutazama. "Inachungulia."

"Basi mpe shabu arudi ndani. Na usinitangazie tena mpaka itiririke."

Akachukua kipande cha shabu, lile jiwe la kuzuia damu, akalilowesha, akaligandamiza pale. Baba akavuta pumzi kwa uchungu. Damu ikakata. Mashine alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye taulo. Angeweza kuukunja wembe wakati ule, na nadhani hakuna ambaye angemlaumu. Akayafuta macho kwa bega, akavuta ngozi upya, akamaliza. Miguu ilimtetemeka mpaka mwisho. Mkono, kwa namna asiyoweza kuieleza, haukutetemeka.

Baba akajipapasa uso mzima, taratibu. "Chini ya sikio la kushoto umeacha msitu," akasema. Kisha akaendelea kujipapasa kwa muda mrefu.

Mwashi alipokuja wiki hiyo, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akajitupa, akafumba macho. Baba alikuwa kwenye benchi. Mashine akasimama mbele ya mwashi.

"Kaka, fumbua macho kwanza. Kuna jambo."

Akamwambia. Hakulizungusha. Mwashi alimsikiliza, akageuka akamtazama mzee, mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kooni, ukakaa pale.

"Ile siku ya mvua?"

"Na kabla ya hapo," baba akajibu kutoka kwenye benchi. "Nisamehe, bwana. Ilinipasa nikwambie, nikashindwa."

Mwashi akasimama. Akakaa tena. Mtu aliyezoea kutembea juu ya majukwaa ya ghorofa, rangi ilikuwa imemtoka. "Nina watoto, mzee," akasema hatimaye. "Nina watoto." Akaondoka bila kufunga mlango.

Maneno yakaenea mtaani siku hiyo hiyo. Wapo waliokuja kutukana, wapo waliokuja kuchungulia tu. Wateja wa ndevu wakapukutika. Wale wa mashine walibaki, kwa kuwa kosa halikuwa la mashine. Baba alikaa kwenye benchi lake na kupokea matusi kama mtu anayepokea mvua. Hakujitetea. Mashine aliendelea kumnyoa kila asubuhi, kabla hawajafungua, na shabu ikawa inatumika mara chache zaidi.

Mwashi alirudi ndevu zikiwa zimemjaa, na shingo imeota vipele kutokana na nyembe za dukani. Alisimama mlangoni kama mtu anayepima kama ubao utambeba.

"Ni wewe utakayeninyoa?"

"Ni mimi."

"Umeshamnyoa nani?"

"Baba."

"Umemkata?"

"Ndiyo," Mashine akasema. "Mara ya kwanza. Na mara nyingine, kidogo."

Mwashi akafikiri. Sijui ni nini kilichomwamulia. Pengine ni kwamba safari hii ameambiwa ukweli kabla ya kulala kitini. Akaingia, akakaa, akakataa taulo la machoni. Alibaki amekodoa, anamtazama Mashine usoni muda wote, na Mashine alinyoa huku anatazamwa hivyo, akisikia baba kwenye benchi anavyosikiliza kila mpito. Mara moja tu baba alikohoa, naye akajua maana yake, akapunguza mkono. Kwenye koo mwashi akaacha kumeza mate. 

Alipomaliza, mwashi alijitazama kwenye kioo upande huu na upande ule, akainua kidevu, akapitisha kiganja. "Haya," akasema tu. Akamuaga yule mzee kwa kumshika bega, akatoka.

Mashine akauosha wembe, akaufuta, akaukunja. Akageuka kumwambia baba jambo, hajui lipi. Baba alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma katikati ya mchana. Mama aliingia na chakula, akasimama kizingitini, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwamshe," akanong'ona. "Hajalala hivi tangu mwaka jana."